Karavani kwa Mama Mkwe

Mpaka leo ukiniuliza kama karavani ni gari au ni nyumba, nitakukasirikia. Si kwamba swali ni baya. Ni kwamba nimeulizwa na watu wenye haki ya kuuliza, na kila nilipojibu nilizidi kujitia taabani.

Niliinunua hapa Kitengela kwa mzungu mmoja mzee aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa imesimama nyuma ya nyumba yake miaka, kuku wakilala chini yake. Ndani ilikuwa na kitanda cha kunyooka, jiko dogo la gesi, sinki, na friji iliyokufa zamani. Mimi niliendesha lori la Namanga karibu maisha yangu yote, nikilala kwenye kabini magoti yakigusa kidevu, na siku zote nilijiambia kwamba nikistaafu nitazunguka na kitanda changu nyuma. Tungeenda mimi na mama watoto hadi Amboseli, tupige kambi, tuchemshe chai tukiangalia mlima. Mke wangu aliizunguka karavani mara moja, akarudi mbele, akaniuliza kwani tumekosa nyumba. Nikamwambia hii si nyumba, ni gari. Akasema haya, na akaenda zake kuanua nguo.

Nilipofika kwenye umeme ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Kama umenunua karavani kuukuu, ushauri wangu ni huu: usiulize watu wawili habari ya umeme. Uliza mmoja, umwamini, ufe naye. Mimi niliuliza kila mtu. Fundi wa magari aliniambia betri ni betri, nifunge hata ya pikapu. Mwenye duka la sola akacheka mpaka akakaa chini, akasema betri ya gari ni ya kuwasha injini tu, inatoa nguvu nyingi kwa dakika moja kisha inataka kujazwa tena; ukiinyonya usiku kucha kwa friji itakufa kabla mwezi haujaisha. Nitafute ile ya sola, ambayo imezoea kunyonywa pole pole. Jirani yangu naye akasema za siku hizi, zile nyepesi za lithiamu, ndizo zenyewe, lakini lazima chaja yake ilingane nayo. Nikaingia kwenye simu kutafuta video. Video ya kwanza ilisema waya mwembamba unatosha, ya pili ikaonyesha karavani ya mtu ikiungua kwa sababu ya waya mwembamba. Nilizima simu nikatoka nje kuwapigia kuku wa watu kelele.

Mwishowe nilimfuata yule wa sola. Tuling'oa friji ya zamani, iliyokuwa ya gesi na ilitaka karavani isimame sawa kama meza ndiyo ifanye kazi, tukaweka ndogo ya betri isiyojali mwinamo. Paneli mbili juu ya paa. Waya mnene, na fyuzi karibu kabisa na betri, maana fyuzi ikiwa mbali, ule waya ulio kati hauna wa kuulinda. Betri tukaiweka nyuma chini ya kitanda, kwa sababu kulikuwa na nafasi. Friji ikanguruma. Niliweka soda ndani, na jioni nikainywa ikiwa baridi nimeketi mlangoni, nikajiona mfalme.

Halafu mama mkwe wangu akaanguka akikamua.

Yeye ni Mmaasai wa upande wa Mashuuru, na watu wangu mimi ni Wakikuyu waliotoka Central. Ni mjane. Wanawe wanahama na ng'ombe wakifuata nyasi, na mke wangu ndiye binti pekee. Kwao, mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hampeani mikono, hamwangaliani usoni, hamli pamoja, na nyumba anayolala hutaingia hata mvua ya mawe ikunyeshee. Hata kwetu tuko na kitu kama hicho, ila sisi wa mjini tumekilegeza. Yeye hakulegeza chochote. Siku za posa nilimpa kondoo, na tangu hapo mimi namwita Paker na yeye ananiita Paker, kwa ajili ya huyo kondoo. Miaka yote hiyo sijui macho yake ni ya rangi gani.

Hospitali ya Kajiado walisema ni sukari, tena imepanda sana. Dawa ya kudungwa alikuwa nayo, lakini alikuwa akiiweka ndani ya nyumba yake ya udongo, karibu na moto, na joto lilikuwa limeiharibu. Alikuwa akijidunga maji, kwa ufupi. Daktari alimwambia mke wangu bila kuzunguka: dawa ikae kwa baridi, adungwe kila siku, la sivyo siku nyingine akianguka hataamka.

Mke wangu alimwomba mama yake aje Kitengela, mahali kuna stima na friji. Mama akakataa. Alisema nyumba ya Kitengela ni ya Paker, na yeye atalala aje kwa Paker? Mke wangu akalia, akabembeleza, akakasirika. Mama akasema atakufa kwake.

Usiku huo mke wangu hakula. Alikaa tu akiangalia kupitia dirisha la jikoni, na huko nje ilikuwa imesimama karavani. Kisha akaniuliza ile friji inafanya kazi bila stima, sivyo? Nikasema ndiyo. Akaniuliza na ile kitu ni gari, sivyo? Nikasema ndiyo. Sikuona anakonipeleka. Nilipoona, Amboseli ilikuwa imeshakwenda, na nikaona haya kusikitika, kwa sababu mtu anazungumza habari ya mama yake na mimi nawaza mlima. Nikakubali. Tutaikokota hadi kwa mama kwa muda, mpaka tupate njia nyingine.

Tuliondoka Ijumaa asubuhi. Nimevuta trela za kila aina, lakini karavani ilinifundisha adabu. Baada ya Isinya, gari likichangamka kidogo tu, mkia ulianza kucheza. Kushoto, kulia, kushoto, na kila myumbo mkubwa kuliko uliopita. Ukikanyaga breki kwa nguvu hapo, umekwisha. Niliachilia mafuta, nikashika usukani bila kubishana nao, tukapungua mpaka tukasimama kando. Mke wangu alikuwa anaomba kwa Kimaasai na Kiswahili pamoja. Shida ilikuwa uzito: betri nyuma, mapipa ya maji nyuma, magunia ya unga nyuma. Nyuma ikiwa nzito, inainua pua ya karavani kutoka kwenye ndoano ya pikapu, na hapo mkia ndio unaendesha. Tukahamisha kila kitu mbele ya magurudumu. Betri pia nikaing'oa, nikaifunga chini ya kiti cha mbele cha karavani, karibu na mlango wake, nikiwa nimelala kwa tumbo huku malori yakitupulizia vumbi. Baada ya hapo ilitufuata kimya. Tukapita Kajiado, tukaacha lami, tukaingia njia ya mawe inayotikisa mpaka meno.

Tulifika jioni. Niliisimamisha nje kidogo ya boma, nikaifungua kutoka kwenye pikapu, nikashusha miguu yake minne ili isiyumbe. Dawa zikaingia kwenye friji. Mama akatoka akasimama mbali, ameinamisha kichwa, nami nikainamisha changu, tukasalimiana hivyo. Kila mtu alifurahi. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimechoka, nikaingia karavanini nikalala kwenye kitanda changu cha kunyooka, usingizi ambao sijawahi kuupata njia ya Namanga.

Asubuhi mama hakukubali kuingia kuchukua dawa.

Mke wangu alikuja kuniamsha na uso umemkauka. Alisema Yeyo, yaani mama yake, anauliza Paker amelala wapi. Nikasema si hapa. Akasema basi ndiyo hivyo: hii ni nyumba ya Paker sasa, na yeye haingii. Nikakasirika. Nilimwambia hii ni gari, gari, mimi nimelala kwenye lori mara ngapi na hakuna aliyeita lori nyumba yangu? Mke wangu akasema lori halina sinki.

Wewe unaweza kusema, si binti yake amletee dawa nje? Ndivyo tulivyofanya Jumamosi. Lakini mke wangu anafundisha shule, ruhusa aliyopewa ilikuwa ya Ijumaa tu, na Jumatatu alitakiwa awe darasani. Hata majirani walio karibu zaidi wako mbali. Ni lazima mama mwenyewe aingie, afungue friji, achukue dawa yake, ajidunge. Asipoingia, basi tumekokota soda baridi mpaka Mashuuru.

Tukamwita baba mdogo wa mke wangu atuamulie. Alikuja akaizunguka karavani, akapiga gurudumu teke, akachungulia dirishani. Akasema iko na magurudumu, kwa hivyo ni gari. Nikashusha pumzi. Kisha akauliza usukani uko wapi. Nikasema haina. Akasema gari bila usukani haliko. Nikamwambia trela pia haina usukani. Akakubali, lakini akasema kwa trela watu hawapiki. Halafu akauliza ikiwa imefungwa kwenye pikapu ni nini, na ikiwa imefunguliwa ni nini, na nani aliijenga. Nikasema ilijengwa ng'ambo, kiwandani. Alishangaa. Kwao nyumba inajengwa na mwanamke, kwa mikono yake, na huyo ndiye mwenyewe. Mwanamume ana boma na mifugo, lakini nyumba ni ya aliyeijenga. Sasa hii imejengwa na watu wasiojulikana, imenunuliwa na mwanamume, imelalwa na mkwe. Alikunywa chai, akafikiri, akasema yeye hajui. Akaenda kwake. Mimi nilibaki nimeshika kikombe, sijui kama nimeshinda au nimeshindwa.

Mke wangu ndiye aliyechukua hatua. Alitoa nguo zangu zote nje, akatoa godoro langu, akaosha sakafu, akaniambia nisikanyage tena ndani muda wote tutakaokuwa hapo. Usiku nikalala kwenye pikapu, magoti kwenye kidevu. Mama akakubali kidogo: ataingia kama mtu anayeingia dukani, achukue chake atoke. Lakini mke wangu alimjua mama yake. Aliniambia pole pole kwamba Yeyo anatufurahisha tu, na kwamba tukishaondoka hataingia.

Jumapili walikwenda kanisani, mke wangu pamoja na wanawake waliopita wakitoka maboma ya mbali. Kanisa lao ni mwendo mrefu na ibada haina haraka. Mama alibaki kwa sababu miguu ilikuwa bado inamtetemeka. Mimi nilibaki kukagua pikapu kwa safari ya kurudi. Nilikuwa nimeinama kwenye injini nikasikia mlango wa karavani ukifunguliwa, kisha sauti yake kutoka ndani. Alisema Kiswahili taratibu, kila neno akilipima.

"Paker. Hii kitu imekufa."

Nilikwenda mpaka ukutani nikasimama upande usio na mlango. Nikauliza kama taa ndogo ya friji inawaka. Haiwaki. Je, taa ya juu? Haiwaki. Kuna maji chini? Yapo, yanatiririka. Basi ilikuwa imekufa tangu usiku. Jua lilikuwa limeshapanda, na bati la karavani lilikuwa moto nikiligusa. Na yeye, nilimsikia akipumua, akasema basi, ni sawa. Hiyo "ni sawa" yake ndiyo iliyonitisha. Ni sauti ya mtu aliyekuwa akingoja sababu ya kuacha dawa, na sasa ameipata.

Nilijua bila kuangalia. Nati ya betri, ile niliyoifunga kando ya barabara, ilikuwa imelegezwa na yale mawe. Kazi ya dakika mbili. Na betri iko ndani, chini ya kiti, na ndani yuko mama mkwe wangu, na mimi nimekatazwa kukanyaga humo. Ningemwambia atoke niingie. Lakini nikishaingia, ni nyumba ya nani tena? Niliuma meno. Nilitukana karavani, nikatukana mzungu, kwa Kikuyu, ili asielewe.

Nikachukua spana, nikaiweka kwenye ngazi ya mlango, nikarudi ukutani nikageuka nyuma. Nikasikia mkono wake ukiichukua, shanga zikigonga bati. Nikaanza kumwelekeza. Nilimwambia kwanza azime swichi kubwa, upande wa kushoto. Akauliza kushoto kwangu au kwake. Nikajifikiria niko ndani, nikageuka, nikajifikiria yeye, nikachanganyikiwa, nikasema kulia. Akasema hapo kuna sinki. Nikasema basi kushoto. Akaipata.

Nikamwambia ainue kiti. Ataona sanduku lenye nyaya mbili nene, nyekundu na nyeusi. Aikaze ile iliyolegea, ila spana isiguse sehemu mbili za chuma kwa pamoja, isiguse kabisa. Akasema hakuna nyekundu. Nikasema lazima iwepo. Akasema hakuna, kuna moja nyeusi na moja ya rangi ya yule ndama mgonjwa. Nikakimbia mpaka zizini kumtazama ndama mgonjwa. Alikuwa mwekundu aliyefifia kwa vumbi. Nikarudi nikasema ndiyo, hiyo hiyo. Akasema hiyo ndiyo inayocheza kama jino.

Kisha nikasikia kitu kikilia "tsss", na harufu ya chuma kilichoungua.

Nilikuwa tayari nimefika mlangoni. Mguu mmoja kwenye ngazi, mkono kwenye kitasa. Nguvu ya betri ile haiui mtu, nilijua, lakini moyo wa mama mgonjwa nao sikuujua. Nikaita Paker. Kimya. Nikaita tena. Nilisimama hapo, nusu ya mwili nje na nusu karibu kuingia, sijui heshima ni kuingia au ni kubaki. Sijawahi kutojua kitu namna hiyo.

"Niko," akasema. "Usiingie. Bado."

Nikatoa mguu. Spana ikaanza tena, kra, kra, pole pole. Akaniuliza akaze mpaka wapi. Nikamwambia mpaka isikubali kusukumwa na kidole, na aache hapo, akizidi ataivunja. Akauliza fyuzi ni nini. Nikamweleza. Akatazama, akasema iko nzima. Akauliza mbona waya umepita karibu na ukingo wa bati, utakatika siku moja. Akachana kitambaa akaukingia. Nikamwambia awashe swichi. Nikaweka sikio kwenye ukuta wa moto, na nikasikia friji ikinguruma.

Tulibaki hivyo, yeye ndani na mimi nje. Nikaanza kumshukuru, nikamwambia dawa ziko salama, chache labda tutabadilisha, aziache tu hapo, nitakuja kuichukua karavani tukipata friji nyingine.

"Huwezi kuichukua, Paker," akasema.

Nikauliza kwa nini.

"Nimeitengeneza na mikono yangu. Sasa ni yangu." Nikamsikia akifunga kile kiti, akikigonga kikae vizuri. "Kwa Kitengela mngenidunga. Hapa nitajidunga mwenyewe."

Nilitaka kujibu. Nilikuwa na majibu mengi, na yote yalikuwa ya haki: nani aliinunua, nani aliivuta, nani alilala kwa tumbo kando ya barabara. Nilikuwa nimekasirika na wakati huo huo macho yamejaa maji, na sikuelewa ni kwa lipi. Nikasikia friji ikifunguliwa. Nikasikia kile kichupa kikigongwa na ukucha, kama anavyofanya muuguzi, kisha akashusha pumzi. Alikuwa amejidunga.

Mke wangu aliporudi kutoka kanisani alimkuta mama yake ameketi kwenye mlango wa karavani, miguu kwenye ngazi, akifuta vyombo vyangu vya kambini. Hakuniuliza kitu. Alikaa karibu naye wakaongea Kimaasai muda mrefu, na nilimwona mke wangu akiweka kichwa kwenye paja la mama yake.

Tulirudi Kitengela jioni ile, pikapu nyepesi mpaka inaruka kwenye matuta, na kila mara nilitazama kioo cha nyuma kuangalia kama karavani inayumba, kisha nakumbuka haipo. Kila mwezi naenda kupangusa vumbi kwenye paneli. Napanda kwa ngazi ya nje, yeye ananiambia kutoka ndani kama taa za kuonyesha chaji zimeongezeka, na hospitali wanasema sukari imeshuka. Nilinunua karavani nikalala ndani usiku mmoja, na mama mkwe wangu anaishi.